Namna ya Kubainisha Utanzu wa Mawasiliano katika Mjadala wa Umma wa Leo

Anayeandika tasnifu, ripoti ya utafiti au mwongozo wa chumba cha habari kuhusu hotuba za kampeni, matamko ya taasisi au jumbe zinazozungushwa katika makundi ya WhatsApp hufika mapema mahali pa kulazimika kusema kitu anachokichunguza ni cha aina gani. Wengi hupita hapo kwa haraka: huandika aya moja ya fasili, hutaja wataalamu wawili watatu, kisha huendelea na uchambuzi kana kwamba suala limekwisha. Lakini fasili ya utanzu, yaani ya aina hiyo ya usemi, ndiyo inayoamua matini zipi ziingie katika data na zipi ziachwe, nani ahesabiwe kuwa msemaji na nani kuwa msambazaji tu, na ni kosa gani linaweza kusemwa kuwa limetendeka. Fasili ikilegea, sura zote zinazofuata hulegea nayo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili wa isimu, fasihi au mawasiliano, na kwa mhariri ambaye kazi yake humlazimu kuamua kila siku kama alichopokea ni taarifa, ni maoni au ni tetesi. Msimamo unaouongoza ni kwamba utanzu wa mawasiliano ya umma hautambuliki kwa umbo lake peke yake, wala kwa chombo kinachoubeba, wala kwa lengo la msemaji. Hutambulika hasa kwa jibu ambalo jamii inaliona kuwa halali kwa usemi huo, na kwa wajibu anaoubeba msemaji akishausema. Ukilishika hilo, matatizo mengi ya kinadharia yanayowasumbua watafiti hayatoweki, ila yanapata mahali pa kushikika.

Vigezo vitatu vinavyoshawishi

Kigezo cha kwanza ni umbo. Chukua karatasi inayoanza na nembo ya taasisi, ikafuatiwa na maneno TAARIFA KWA UMMA kwa herufi kubwa, tarehe, aya tatu au nne zenye kauli kama "umma unataarifiwa", kisha "Imetolewa na" pamoja na jina la kitengo cha mawasiliano, sahihi na muhuri. Kila Mtanzania mwenye simu ameziona karatasi hizi mara nyingi kiasi kwamba anaweza kuzitambua kabla ya kusoma neno hata moja. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka kuzusha jambo huiga umbo hilo kikamilifu, na karatasi yake huzunguka siku nzima. Taasisi iliyozushiwa nayo huichukua picha ya karatasi ileile, huipiga mshazari neno FEKI au PUUZENI kwa wino mwekundu, na kuirudisha kwa umma. Tazama kilichotokea: nembo ni ileile, aya ni zilezile, mpangilio haujaguswa, lakini tuna mambo matatu tofauti kabisa, yaani taarifa halisi ambayo iliigwa, uzushi, na kanusho. Mtafiti anayekusanya data kwa kutafuta umbo atayaweka yote matatu katika kapu moja.

Kigezo cha pili ni chombo. Siku hizi ni kawaida kusoma kazi inayozungumzia "utanzu wa WhatsApp" au "utanzu wa TikTok" kana kwamba chombo chenyewe ni aina ya usemi. Sitakaa sana hapa, kwa sababu kosa lake huonekana mara mtu anapofungua kundi lolote la ukoo au la wazazi wa darasa moja: kabla ya saa nne asubuhi kunakuwa na aya ya Maandiko, tangazo la msiba, orodha ya michango ya harusi, mzaha, na tamko la chama cha siasa. Chombo huweka mipaka fulani, na mipaka hiyo lazima irekodiwe, lakini hakitoi jina la utanzu.

Kigezo cha tatu, lengo, ni kizito zaidi na kinastahili heshima. Mwanaisimu John Swales alikiweka katikati ya nadharia yake mwaka 1990, akisema kwamba kinachoziunganisha matini za utanzu mmoja ni malengo ya kimawasiliano yanayotambuliwa na wataalamu wa jamii inayoutumia. Mwaka 2001, akiandika pamoja na Inger Askehave, alirudi kukiri kwamba lengo si jambo jepesi kulisoma: matini moja huwa na malengo mengi, mengine hufichwa, na mengine huonekana tu baada ya mtafiti kukaa na jamii husika kwa muda mrefu. Nadhani marekebisho hayo ni muhimu kuliko nadharia ya awali, ingawa tasnifu nyingi huishia kunukuu ya mwaka 1990.

Bunge la Tanzania linatoa kielelezo kizuri cha tatizo hili. Mbunge anapochangia hoja, mwenzake anaweza kusimama na kusema, "Mheshimiwa Spika, taarifa." Kikanuni, lengo la taarifa ni kumwongezea mchangiaji habari anayoihitaji au kumsahihisha. Yeyote anayefuatilia vikao anajua kwamba mara nyingi aliyesimama anataka kubisha, kukejeli, au kula muda wa mpinzani wake. Tukifuata lengo halisi, tutasema hiyo si taarifa. Lakini Spika ameipokea kama taarifa, imeingia katika Kumbukumbu Rasmi za Bunge kama taarifa, na, la maana zaidi, mchangiaji ameulizwa, "Unaipokea taarifa hiyo?" naye amejibu, "Siipokei." Swali hilo na jibu hilo vipo kwa ajili ya taarifa tu. Aliyeomba mwongozo wa Spika au aliyesimama kuhusu utaratibu hapati jibu la aina hiyo; anapata uamuzi wa kiti. Malengo ya wabunge hawa watatu yanaweza kuwa mamoja, nayo ni kumkatiza anayezungumza, ilhali tanzu ni tatu, na kinachozitenga ni jibu.

Anza na majina ya wenyewe, lakini usiishie hapo

Hatua ya kwanza ya kazi yenyewe ni kuorodhesha majina ambayo watumiaji wenyewe huyatumia. Dan Ben-Amos, mtaalamu wa fasihi simulizi, alionya mwaka 1969 kwamba kuna tanzu zilizobuniwa na wachambuzi kwa ajili ya kulinganisha, na kuna tanzu zilizo hai katika jamii zenye majina na kanuni zake, na kwamba mfumo mmoja hauwezi kulazimishwa juu ya mwingine bila kupoteza kitu. Kwa Kiswahili tuna urithi mzuri wa mjadala huu. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika, alihimiza kwamba uainishaji uangalie muktadha na namna ya uwasilishaji, si maneno tu, na mazungumzo kama hotuba na mawaidha yakapata nafasi katika mpangilio wake. Watafiti wa mawasiliano ya mitandaoni wangefaidika kuurudia mjadala huo badala ya kuanza upya na istilahi zilizoundwa kwa ajili ya magazeti ya Ulaya na Marekani.

Andika majina hayo yote: hotuba, risala, tamko, taarifa kwa umma, kanusho, ufafanuzi, barua ya wazi, waraka, salamu za rambirambi, mawaidha, mipasho, tetesi, umbea. Mbele ya kila jina andika watu wanasema nini wanapolalamika kwamba kanuni imevunjwa. Malalamiko ni chanzo bora cha data kuliko fasili, kwa kuwa watu wachache wanaweza kukueleza risala ni nini, lakini ukumbi mzima hunung'unika risala inapogeuka hotuba.

Mfano wa risala unastahili kuangaliwa kwa karibu. Kila tarehe 1 Mei, katika maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Wafanyakazi, Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanzania (TUCTA) huwasilisha risala ya wafanyakazi mbele ya Rais, na Rais hujibu kwa hotuba. Kwa umbo, hizi mbili zinakaribiana sana: zote husomwa jukwaani, zote huanza kwa kutambua waliopo kwa itifaki, zote huzungumzia kima cha chini cha mshahara, kodi na kupandishwa madaraja. Lakini risala inapanda, kutoka kwa walio chini kwenda kwa mwenye mamlaka, na hotuba inashuka. Anayesoma risala hasemi kwa niaba yake mwenyewe. Anasema kwa niaba ya waliomtuma, na wanaweza kumlaumu kwa alichoacha. Anayesomewa naye ana deni: akihutubia bila kugusa hata moja kati ya yaliyoombwa, kila mfanyakazi uwanjani atajua kwamba risala haijajibiwa. Hotuba haina deni la namna hiyo. Hakuna anayetegemewa kusimama baada yake na kuijibu kipengele kwa kipengele. Tofauti yote imekaa katika uhusiano huo, wala huwezi kuipata kwa kuhesabu maneno.

Kuna sababu nyingine ya kutoishia kwenye majina: wakati mwingine jina hutolewa na sheria, na sheria haingoji jamii ikubaliane. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na nyingine mwaka 2020, ziliwataka wenye blogu na wanaoendesha redio na televisheni za mtandaoni wawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mtu aliyejiona anaandika shajara mbele ya marafiki alijikuta akitambuliwa kama mtoa huduma ya maudhui. Mtafiti anapaswa kurekodi jina la kisheria kando ya jina la kijamii, na kuziangalia sehemu ambazo majina hayo mawili yanagombana, kwa kuwa hapo ndipo ugumu wa kinadharia unapogeuka faini au kesi.

Uliza jibu halali ni lipi

Hiki ndicho kipimo ninachopendekeza kiwe cha kwanza kwa uzito. Wazo lenyewe si jipya. Aristotle, alipozigawa hotuba katika za baraza, za mahakama na za sifa, alianzia kwa msikilizaji: yupo anayeamua juu ya yajayo, yupo anayeamua juu ya yaliyopita, na yupo anayetazama. Carolyn Miller, mtaalamu wa balagha, katika makala yake ya mwaka 1984, alilipeleka mbele kwa kusema kwamba utanzu ni tendo la kijamii linalojirudia katika hali ambazo watu wamejifunza kuzitambua kuwa zinafanana. Ninachoongeza ni njia ya kulifanyia kazi: kwa kila matini uliyonayo, andika majibu ambayo watu waliyatoa, kisha tenga yale ambayo wengine waliyaona kuwa sawa na yale waliyoyakemea.

Khanga inaonyesha jinsi kipimo hiki kinavyofika pasipofikiwa na vingine. Jina la khanga, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji (sehemu ya katikati ya khanga), ni usemi wa umma: huvaliwa sokoni, uani na harusini. Mwanamke wa Mombasa au Unguja anayepita mbele ya nyumba ya jirani akiwa amevaa khanga iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU anaweza kuwa amesema jambo zito, au amevaa nguo. Jirani akikasirika na kujibu, amekiri kwamba maneno yamempata. Jibu lililo salama ni kunyamaza, au kutafuta khanga nyingine yenye neno linalofaa na kupita nayo siku ya pili. Mipasho ya taarabu imejengwa juu ya kanuni hiyohiyo: msemaji hamtaji mtu, na anayejitaja amejihukumu. Kwa hiyo tuna familia ya tanzu ambazo msemaji wake anaweza kukana wakati wote, na anayejibu waziwazi ndiye anayeonekana kuvunja kanuni. Ukiliona hilo, utaelewa upesi kwa nini maneno ya mafumbo yanayowekwa na wanasiasa na wasanii katika kurasa zao, bila jina la mtu, hufanya kazi kama yalivyo. Yana ukoo wa karibu zaidi na jina la khanga kuliko na tamko, ingawa yameandikwa katika ukurasa uleule unaobeba matamko.

Kipimo kina upande wa pili, ambao ni wajibu wa msemaji. Jioni ya tarehe 17 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza kupitia televisheni ya taifa kifo cha Rais John Magufuli. Kabla ya hapo habari za afya ya Rais zilikuwa zikizungumzwa mitandaoni kwa siku kadhaa. Sentensi inayosema kwamba Rais amefariki inaweza kuwa na maneno yaleyale ikitoka kwa mtu yeyote. Lakini ilipotoka kwa mwenye mamlaka ya kuitoa, ilifuatana na maombolezo ya kitaifa na bendera kupepea nusu mlingoti, na kuanzia dakika hiyo hakuna aliyeweza kuiita tetesi. Tetesi hujibiwa kwa kuulizwa chanzo. Tangazo la taifa hujibiwa kwa maombolezo, na mwenye kulitoa anabeba dhamana ya kila neno.

Kielelezo cha hatua kwa hatua: tangazo la kifo

Nimechagua tangazo la kifo kwa sababu limehama chombo mbele ya macho yetu, na kwa sababu ni utanzu ambao karibu kila msemaji wa Kiswahili ameutumia au atalazimika kuutumia.

Anza na kiini chake cha zamani. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, msomaji alitangaza kwa sauti ya taratibu kwamba Bwana Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea siku fulani, mazishi yatafanyika mahali fulani, na habari ziwafikie Fulani wa Tabora, Fulani wa Tanga, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Orodha ile ya majina ndiyo iliyokuwa moyo wa tangazo. Haikuwekwa kwa mapambo: iliwataja waliokuwa na wajibu wa kusafiri, na iliwataka majirani waliosikia redio wakawaambie wahusika wasio na redio. Jibu halali lilikuwa kuondoka na kwenda msibani, au kumfikishia habari mwenye kuhusika. Hakuna aliyemjibu msomaji wa redio.

Hatua inayofuata ni kukusanya matini za sasa, tuseme kutoka makundi yaliyokubali kushiriki katika utafiti, kwa ridhaa ya wafiwa na kwa kuficha majina. Utaona neno TANZIA juu, picha ya marehemu, ratiba ya mazishi, mahali msiba ulipo, kisha namba ya simu ya kupokea rambirambi pamoja na maneno "jina litakalotokea". Orodha ya "habari ziwafikie" mara nyingi imetoweka. Mahali pake imezaliwa orodha nyingine, ambayo haipo ndani ya tangazo bali huota chini yake: mtu wa kwanza hunakili ujumbe wa mweka hazina, huandika jina lake na kiasi alichotoa, wa pili hunakili na kuongeza lake, na kadhalika mpaka orodha inafika majina arobaini.

Sasa jiulize kama huu ni utanzu uleule. Anayefuata umbo atasema hapana, kwa kuwa karibu kila kipashio kimebadilika. Anayefuata lengo atasema ndiyo, kwa kuwa lengo ni kuarifu kifo. Mimi nasema kwamba utanzu ni ule, ila umezaa kipera (tawi dogo la utanzu) kipya, na ushahidi wangu ni majibu. Kwa upande mmoja wajibu wa zamani bado upo: ndugu wa karibu ambaye anaandika "poleni sana" na asionekane mazishini atalaumiwa, na lawama hiyo inaonyesha kwamba kanuni ya redio ingali hai. Kwa upande mwingine, kwa mwanakundi wa mbali, mchango uliotumwa kwa simu umekubalika kuwa jibu kamili, jambo ambalo lisingewezekana zamani, na kutokutoa sasa kunaonekana wazi kwa sababu orodha inasomwa na wote. Kwa hiyo kipera hiki kina hadhira mbili ndani ya hadhira moja, na kila moja ina deni lake. Orodha ya michango, kwa maoni yangu, ihesabiwe kama utanzu unaojitegemea, kwani unaonekana pia katika harusi, matibabu na ada za shule, ukiwa na kanuni zilezile za kunakili na kuongeza.

Zingatia kwamba uamuzi huo usingeweza kufikiwa kwa kuisoma TANZIA peke yake. Ilibidi data ihusishe yaliyofuata. Hili lina gharama: mtafiti anayehifadhi picha za machapisho bila mazungumzo yaliyofuata amejinyima ushahidi anaouhitaji zaidi, na hawezi kurudi kuupata baada ya ujumbe kufutwa.

Matini inapokuwa na tanzu mbili ndani yake

Mikhail Bakhtin, mwananadharia wa lugha na fasihi wa Urusi, katika kazi aliyoiandika mwanzoni mwa miaka ya 1950 na iliyochapishwa kwa ukamilifu baada ya kifo chake, alitofautisha tanzu za msingi, kama mazungumzo ya kila siku, na tanzu changamano zinazozimeza zile za msingi na kuzibadilisha. Riwaya yenye barua ndani yake haigeuki barua. Kanuni hii inasaidia sana katika mikutano ya kampeni ya Afrika Mashariki, ambako mgombea anaweza kuomba dua, kuimbisha umati, kutaniana na kabila la watani wake na kusoma ahadi za ilani, yote katika nusu saa. Usikimbilie kuiita hotuba hiyo utanzu mseto. Jiulize kwanza utanzu gani umemeza mwingine, na njia ya kujua ni kuangalia jibu ambalo sehemu iliyomezwa ililipata. Umati ulipoitikia "Amina", je, uliitikia kama waumini au kama wafuasi wa mgombea? Makofi na vigelegele vilivyofuata mara moja baada ya "Amina" vinaelekea kusema kwamba dua ilikuwa ndani ya hotuba, wala haikusimama yenyewe.

Ugumu mkubwa zaidi unakuja pale kipande kinapokatwa na kusambazwa. Sekunde thelathini za mawaidha ya shekhe au mahubiri ya mchungaji, zilizosemwa mbele ya waumini wake walioyasikia yaliyotangulia, hufika kwa watu ambao hawakuwamo na wanaozipima kama tamko la hadharani. Hapa napendekeza mtafiti ahesabu matini mbili: usemi wa awali pamoja na hadhira yake, na kipande pamoja na aliyekikata, maandishi aliyoyaongeza juu yake na waliokijibu. Aliyekata ni msemaji wa usemi wa pili, na anabeba wajibu wake.

Vyombo vya umma vinavyosimamia usemi hukutana na tatizo hilohilo. Aprili 2022, kuelekea uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona kuwa hatari kwa amani. Baadhi yake, kama "madoadoa" (jina la kuwaita watu wa makabila mengine wanaoonekana wageni mahali), yalikuwa na historia chungu katika ghasia za kisiasa za nchi hiyo. Mengine yalikuwa ya mtaani na yalisikika katika muziki pia. Naiheshimu nia ya tume, kwa kuwa Wakenya walikwisha kuona mwaka 2007 na 2008 maneno yanavyoweza kuua. Lakini orodha ya maneno ni kigezo cha umbo. "Ondoeni madoadoa" ikitamkwa jukwaani mbele ya umati uliokasirika, na neno hilohilo likiandikwa na mwanahistoria, ni semi za tanzu mbili, na jibu linalotarajiwa kwa ya kwanza ni tendo dhidi ya majirani. Anayesaidia kuandaa miongozo ya namna hii ashauri kwamba kila neno liambatanishwe na maelezo ya nani, mbele ya nani, na watu walitarajiwa kufanya nini.

Kutoka katika duara

Kila mtafiti makini atakwama mahali hapa: ili kufasili tamko anahitaji mkusanyiko wa matamko, na ili kukusanya matamko anahitaji fasili. Duara hilo halikatiki kwa nadharia, ila linaweza kupunguzwa makali kwa utaratibu.

Kusanya kwanza matini ambazo watumiaji wote wanakubaliana juu yake bila ubishi, hata kama ni kumi au ishirini tu. Andika fasili ya muda kutokana nazo. Kisha tafuta kwa makusudi matini zinazoisumbua fasili hiyo: kanusho lililoandikwa kama shairi gazetini, risala iliyokataa kuomba chochote, tamko la chama lililotolewa kwa sauti iliyorekodiwa. Irekebishe fasili mara moja au mbili, na uhifadhi kila toleo ili msomaji aone ilivyobadilika. Baada ya hapo mpe mtu mwingine anayeijua jamii husika matini zilezile pamoja na fasili, aziainishe bila kuona majibu yako, na upime kiwango cha kukubaliana kwenu kwa kipimo cha kappa cha Cohen, ambacho kimekuwapo tangu 1960 na kinapatikana katika programu za kawaida za takwimu. Mkitofautiana, usiharakishe kumshawishi mwenzako. Mahali mnapotofautiana ndipo jamii nayo inapotofautiana, na panastahili aya zaidi kuliko mahali mlipokubaliana.

Fasili ya mwisho iandikwe kwa sentensi kamili zinazotaja mambo manne: nani ana haki ya kuutoa usemi, anamwelekea nani, jibu gani ni halali, na nini humpata msemaji akikosea. Kwa mfano: "Katika utafiti huu, kanusho ni usemi wa hadharani wa mtu au taasisi iliyotajwa katika habari iliyokwisha kuenea, unaoelekezwa kwa walewale walioipokea habari hiyo, ukiwataka waache kuiamini na kuisambaza, msemaji wake anawajibika iwapo habari aliyoikana itathibitika kuwa kweli." Sentensi hiyo haikutaja nembo, karatasi wala WhatsApp, na kwa hiyo inaweza kutumika kwa kanusho la redioni mwaka 1975 na la mtandaoni leo. Vipengele vya umbo vielezwe katika aya inayofuata kama dalili za kawaida, siyo kama masharti.

Taja pia kipindi na mahali. Fasili ya tangazo la kifo iliyofaa kabla ya huduma za fedha kwa simu kuenea haifai baada yake, na inayofaa Dar es Salaam haitafaa bila marekebisho kwa Waswahili wa Maskati, ambako hadhira ya kundi moja imetawanyika katika nchi tatu au nne na kusafiri kwenda kuzika si jambo la kutarajiwa kwa kila ndugu.

Zitabaki matini ambazo hazikuingia popote. Usizifute, wala usizifunge chini ya kichwa cha "mengineyo" bila maelezo. Sema katika sura ya mbinu ni ngapi, zilitoka wapi na zilipata majibu gani, kisha ziweke zote katika kiambatisho pamoja na majibu hayo, majina yakiwa yamefichwa, ili mtahini au mtafiti mwingine aweze kuziainisha upya kwa fasili yake mwenyewe na kuona kama uamuzi wako unasimama.